Koti Alilomwambia Alivue

Watu wa mtaa ule walimwita Kidevu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila aliyeketi kwenye stuli ya studio yake alisikia maneno yale yale: "Inua kidevu kidogo. Hapo hapo. Usicheke, serikali haitaki meno." Mwanga ukapiga, mtu akaambiwa asubiri dakika kumi. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na miwili, katika chumba chembamba kama korido kilichotazamana na ofisi ya pasipoti. Vifaa vyake vilikuwa pazia jeupe, pazia la bluu, taa mbili zenye miavuli, na mkasi mzito wa kukatia picha ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa.

Kwenye msumari karibu na kioo alitundika koti moja jeusi na tai tatu. Hizo zilikuwa za wateja. Mtu akija na fulana iliyopauka, Kidevu hakumsema. Alilichukua koti, akalikung'uta, akamvalisha taratibu, akarudi nyuma hatua mbili na kusema, "Hebu tuone. Sasa wewe hata balozi atasimama kukupokea." Koti lile liliwakaa watu wa kila umbo, kwa sababu mkewe, fundi cherehani mwenye chumba chake mlango wa pili, alilipasua mgongoni akalitia vibanio. Kwenye picha hakuna aliyeona.

Kazi aliipenda, lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mjomba wake, dereva wa malori ya safari ndefu, alileta nyumbani kalenda yenye picha za nchi za mbali: daraja la kamba juu ya korongo, soko la maua, wanaume wakikata barafu kwa msumeno. Mtoto aliuliza ni nani aliyezipiga.

"Kuna watu wanalipwa kutembea na kupiga picha," mjomba akamjibu huku akivua viatu.

"Wanalipwa kutembea?"

"Wanalipwa kutembea. Mimi nalipwa kuendesha, na sijaona hata nusu ya hivi."

Maneno hayo yalimkaa kichwani. Lakini baba yake alifariki mapema, wadogo zake wakawa wanasubiri karo, na kamera aliyoinunua kwa ajili ya kuzunguka dunia ikaishia kwenye stendi ya miguu mitatu mbele ya pazia jeupe. Kichekesho alichokisimulia mwenyewe kwa wateja ni kwamba picha zake zilikuwa zimevuka mipaka yote unayoijua, zimebandikwa kwenye pasipoti za wenzake, ilhali yeye mwenyewe hana. Watu walicheka. Naye alicheka, kisha akainama kutafuta mkasi.

Jumapili zilikuwa zake. Alitoka asubuhi, akasafiri hadi mwisho wa njia yoyote, akashuka na kutembea na kamera mpaka jua lipungue makali. Zile picha za Jumapili alizibandika ukutani juu ya kaunta, ambako wateja walizitazama huku wakisubiri dakika zao kumi.

Ndivyo alivyopatikana. Siku moja alikuja mwanamke mwenye haraka, miwani imepandishwa kichwani, akitaka picha nne za pasipoti. Alipokuwa anasubiri akazitazama picha za ukutani, moja baada ya nyingine. Mwishowe akauliza, "Hizi za nani?"

"Zangu."

"Mimi ni mhariri wa jarida la abiria wa treni. Niletee hamsini kama hizi."

Kidevu alipeleka sitini. Miezi saba ikapita kimya, akaanza kujitia hamnazo kila mkewe alipouliza. Halafu simu ikalia asubuhi moja akiwa amemshika mtu kidevu. Mhariri alitaka mtu wa kupanda treni ya nyanda za juu, siku kumi, stesheni ndogo zote. "Sitaki milima," alisema. "Milima ninayo ya kujaza ghala. Niletee watu. Watu halisi."

Alikuwa na miaka arobaini na minane. Alikata simu akamaliza kumpiga picha yule mteja, akamkatia, akamkabidhi, kisha akaenda mlango wa pili, akasimama mbele ya cherehani na kushindwa kusema. Mkewe alidhani kuna msiba.

Mkewe alimshonea kizibao cha khaki chenye mifuko kumi na mmoja. Kidevu akaihesabu, akauliza, "Huu wa mwisho, wa ndani, ni wa nini?"

"Wa kuwekea majivuno ukirudi. Usije ukayamwaga njiani."

Siku ya safari mtaa mzima ulijua. Muuza magazeti alimsindikiza mpaka kituoni, na fundi viatu akampaka buti zake rangi bila kukubali malipo. Binti yake, muuguzi, alibadilishana zamu na mwenzake ili aje kumuaga. Kidevu alipunga mkono dirishani mpaka shingo ikamuuma.

Safari ilianza vizuri. Alishuka kila stesheni, alilala kwenye nyumba za wageni zenye vitanda vya chuma, aliongea na wauza tiketi, wapakia mizigo, mafundi wa reli. Watu walimpenda, na kila mmoja alikubali kupigwa picha. Siku ya nane, kwenye mji wenye mtandao, alimtumia mhariri picha ishirini alizoziona bora, akaketi kungoja sifa. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa.

"Hizi ni picha za vitambulisho. Kila mtu amesimama kama yuko mbele ya pazia. Uhalisia uko wapi? Umebakiza siku mbili."

Alizifungua tena, moja moja. Ni kweli. Mpakia mizigo amenyoosha mgongo, muuza tiketi amenyoosha mgongo, mama wa chai amenyoosha mgongo. Wote wameinua videvu. Bila kujua alikuwa amezunguka nyanda zote za juu akiwapiga watu pasipoti. Alikumbuka kelele za kituoni siku ile, na kizibao, na buti zilizong'arishwa, akajiuliza atarudije.

Kesho yake alishuka mahali ambapo reli inakatiza barabara ya vumbi. Palikuwa na geti la mbao lenye mistari myeupe na myekundu, kijumba cha chumba kimoja, banda la kuku, na mwanamke wa makamo aliyelilinda geti hilo kwa miaka thelathini na mmoja. Mkuu wa stesheni iliyotangulia alikuwa amempelekea habari kwamba mpiga picha anakuja, naye alijiandaa. Alivaa koti zito la bluu la shirika la reli, vifungo saba vya shaba vimesuguliwa mpaka vinawaka, viatu vyeusi, na kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi hadi pembe zake zikasimama. Alikuwa ameshika bendera ya kijani mkono mmoja na nyekundu mkono wa pili.

"Karibu kaka," alisema. "Nisimame wapi?"

Kidevu alimpiga picha kadhaa. Akazitazama kwenye kioo cha kamera. Pasipoti. Pasipoti yenye bendera.

Akaangaza huku na huku. Kwenye kamba ya nguo palikuwa na sweta la kijivu lililochanika kwapani.

"Mama, samahani," akaanza. "Hilo koti, tunaweza kulivua kidogo?"

"Joto linaonekana kwenye picha?"

"Hapana. Ila linameremeta sana."

"Nimelisugua tangu jana."

"Nimeona, mama. Lakini wasomaji wanataka kukuona wewe, siyo koti."

Mlinda geti alijitazama kifuani, kana kwamba anatafuta mahali koti linapoishia na yeye anapoanzia. "Mimi ndiyo huyu," alisema.

"Na lile sweta pale kwenye kamba?"

"Lile la kusafishia banda la kuku."

"Ndilo hilo hilo."

Mama aliligeukia lile sweta, kisha akamgeukia yeye. Kidevu alitabasamu tabasamu lake la studio, lile linalowatoa watu wasiwasi, na kwa kuwa alilifanyia mazoezi miaka ishirini na miwili, lilifanya kazi. Mama aliingia ndani, akavua koti, akalikunja ndani nje ili vumbi lisilale juu ya vifungo, akaliweka kwenye kiti. Akatoka na sweta. Kidevu akasema na viatu pia. Akavua viatu.

"Treni inapita baada ya dakika kumi," alisema. "Lazima niwe nimevaa."

"Dakika mbili tu, mama. Mwanga ni mzuri."

Siyo mbili. Alimsogeza huku, akamrudisha kule, akamwambia aegemee geti, asitazame kamera, atazame chini. Halafu akasema maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote maishani mwake: "Inamisha kidevu." Akayasikia yakimtoka. Lakini kidole chake kiliendelea kubonyeza.

Honi ikasikika. Mama alitaka kukimbilia ndani, ila barabarani palikuwa na mkokoteni unaokaribia, na geti halingoji. Akalishusha vile vile, miguu mitupu kwenye kokoto, sweta limechanika, akainua bendera ya kijani. Treni ikapita na vumbi lake. Dereva alitoa kichwa nje, akamkodolea macho mlinda geti aliyemfahamu miaka yote, na mama akauficha uso kwa kiwiko. Kidevu aliupiga huo wakati. Kiwiko, sweta, kokoto, mabehewa yanayokwenda zao.

Kidevu alipokuwa anaondoka, mama alikuwa ameshavaa koti lake na kufunga vifungo vyote saba. "Hiyo picha itakwenda wapi?" aliuliza.

"Mbali, mama. Itakwenda mbali."

Ndani ya treni ya kurudi aliitazama zaidi ya mara ishirini. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga. Hilo ndilo lililomkera. Kama ingekuwa mbaya angeifuta na kusahau.

Mhariri aliiweka kwenye jalada, na chini yake pakaandikwa: "Aliyesahauliwa na reli." Muuza magazeti alilitundika jarida hilo mbele ya kibanda chake, juu ya magazeti yote, na kumwambia kila mpita njia, "Huyu ni wa hapa kwetu, huyu ni Kidevu wetu." Binti yake alinunua nakala nane akazigawa wodini. Fundi viatu alisema amelia machozi kwa ajili ya yule mama. Kidevu alipokea mikono ya watu akitazama viatu vyao.

Mkewe alibandika jalada ukutani juu ya cherehani. Siku ya pili, akiwa anatia uzi kwenye sindano, alilisogelea akaliangalia kwa jicho la kazi yake.

"Huyu mama," alisema, "kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi, tena kwa maji ya wanga. Sweta limechanika kwapani. Nani anakaa kunyoosha kitambaa hivyo halafu anavaa sweta kama hilo?"

"Ndivyo nilivyomkuta."

"Na miguu yake laini. Huyu si mtu wa kutembea peku."

"Ndivyo nilivyomkuta, nimekwambia."

Mkewe akarudi kwenye cherehani, akakanyaga pedali. Katika ndoa ya miaka ishirini na mitano Kidevu alikuwa amemficha mkewe mambo madogo madogo, kama mume yeyote. Uongo wa uso kwa uso, mara mbili kwa dakika moja, hakuwa amewahi.

Wiki tatu baadaye mhariri alimpigia tena. Safari ya wiki sita, nchi tatu. "Nataka picha kama ya yule mama wa geti," alisema. Kidevu alivuka barabara kwa mara ya kwanza akiwa mteja, akaingia ofisi ya pasipoti na picha nne alizojipiga mwenyewe. Karani alimchangamkia. "Mzee wa jalada, umeinua kidevu kweli?" Foleni nzima ikacheka.

Juma hilo hilo bahasha ilikuja kupitia ofisi ya jarida. Ndani mlikuwa na nakala ya barua ya shirika la reli, na nyuma yake maandishi ya mkono, herufi zilizosimama wima kama mtu aliyefundishwa kujaza fomu:

"Kwa mpiga picha. Wameniandikia kwamba nilionekana kazini bila sare na bila viatu na kulitia aibu shirika. Koti wamelichukua. Kwa sasa nafagia jukwaa la stesheni kuu mpaka waamue. Nimewaambia nilivua kwa sababu mgeni aliniomba. Hawaamini kwamba mtu anaweza kuomba jambo kama hilo. Tafadhali waandikie kwamba uliniomba. Nimebakiza miaka miwili kustaafu."

Aliisoma akiwa amesimama katikati ya studio, mteja amekaa kwenye stuli akimsubiri. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa kizibao, akasema, "Inua kidevu kidogo," na sauti yake ikawa kama ya mtu mwingine.

Angeandika. Alijiambia hivyo siku hiyo, na siku iliyofuata. Lakini akiandika, shirika la reli litamuuliza mhariri, mhariri atajua ule uhalisia ulipangwa, na nchi tatu zitamponyoka. Akajiambia ataandika akisharudi. Wiki sita si nyingi. Huyo mama ana kazi bado, anafagia tu. Alijipa sababu kama mtu anayewalisha kuku, kiganja baada ya kiganja, na hazikuisha. Siku tisa zikapita. Akawa hapiti mbele ya kibanda cha magazeti, anazunguka nyuma ya duka la dawa, kwa sababu mama yule alikuwa bado ananing'inia pale ameficha uso.

Barua aliipata mkewe, alipokichukua kizibao kukikazia vifungo kwa ajili ya safari. Hakupiga kelele. Alikuja studioni wakati hakuna mteja, akaketi kwenye stuli, akaiweka barua kwenye kaunta kati yao.

"Imekuja lini?"

"Juma lililopita."

"Lini juma lililopita?"

"Leo ni siku ya tisa."

"Niliuliza juu ya sweta."

"Uliuliza."

"Ukanijibu."

Mkewe alilitazama lile koti jeusi la wateja pale kwenye msumari, alilolipasua mgongoni kwa mkono wake, kisha akamtazama yeye. Hakuhitaji kusema. Kidevu alikuwa ameshaiona tofauti hiyo tangu siku ya geti, na kila asubuhi alipolifuta koti hilo vumbi.

"Mimi nimejivuna barabara hii yote," mkewe alisema mwishowe, polepole. "Nimewaita watu waje kumwona huyo mama. Wateja wangu wamesimama pale wakimhurumia, nami naitikia. Umenitia na mimi ndani yake."

"Nitaandika leo."

"Barua wamekwishaandikiana za kutosha. Nenda."

Kwanza alimpigia mhariri, akamweleza yote, bila kupunguza.

"Kila mpiga picha hupanga," mhariri akasema. "Tatizo ni kwenda kulisema. Jarida hili linasomwa ndani ya treni zao. Ukipeleka jina letu kule, ile safari nyingine sitaweza kukutetea."

"Naelewa."

"Sidhani kama unaelewa. Umri wako huo, hii nafasi hairudi."

"Naelewa, dada," alirudia, na kweli alielewa.

Siku mbili baadaye alifika stesheni kuu, ambako ofisi ya shirika la reli ilikuwa ghorofani. Feni moja, makabati ya chuma, meza ya afisa, na pembeni katibu muhtasi na kompyuta yake. Mlinda geti aliitwa kutoka jukwaani. Aliingia akiwa na aproni ya wafagiaji, akasimama karibu na mlango. Alimsalimia Kidevu kwa adabu ile ile ya siku ya kwanza. Afadhali angemtukana.

Afisa alikuwa mtu wa utaratibu. "Sema kilichotokea, katibu anaandika."

Kidevu akasema. Alimkuta mama amevaa sare kamili. Alimwomba avue koti, akamwonyesha sweta. Mama alitaka kuvaa kabla ya treni, yeye akamchelewesha.

"Na viatu?"

"Nilimwambia avue."

"Viatu vina ubaya gani?"

Vidole vya katibu vilikuwa juu ya kibodi vinangoja. Nje mtu alikuwa anatangaza treni ya kaskazini.

"Mzee, nimeuliza. Kwa nini avue viatu?"

"Ili aonekane maskini," Kidevu akasema.

Katibu hakuandika. Alinyanyua macho akamtazama, mwanamke kijana wa umri wa binti yake, mpaka afisa akamwambia, "Andika, kama alivyosema." Vidole vikaanza kugonga, neno baada ya neno, na Kidevu akayasikia yote matatu yakiingia. Hakuthubutu kugeuka mlangoni.

Afisa aliamua pale pale. Mama arudishiwe koti na arudi getini. Lakini barua ya onyo itabaki kwenye faili lake, kwa sababu alikuwa zamu na sare aliivua kwa mkono wake. Kidevu alijaribu kubisha, akasema kosa ni lake peke yake. Afisa akajibu kwamba faili la Kidevu yeye hana. Basi.

Nje kwenye ngazi walisimama wawili hao. Mama alikuwa anafungua kamba za aproni.

"Asante kwa kuja," alisema. "Nilidhani hutakuja."

"Mama, nisamehe. Barua yako nilikaa nayo siku kumi na moja. Niliisoma siku ile ile ilipofika."

Hilo mama hakulijua. Mikono yake ikasimama kwenye kamba.

"Siku hizo kumi na moja nimefagia pale chini," alisema, "madereva wote wananiona."

"Najua."

"Hujui." Akaikunja aproni mara mbili. "Lakini nikwambie. Hukunishika mkono, hukunifunga. Binti yangu aliniona kwenye jarida akanipigia simu analia, ananiuliza, mama, kwa nini ulikubali? Sikuwa na la kumwambia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko barua."

"Kwa nini ulikubali?" Kidevu aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Nilifikiri unaijua kazi yako."

Kidevu alitamani ngazi zimmeze. Kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutoa, akagusa begi la kamera, akasema kama anataka, watakapomrudishia koti atampiga picha nzuri, ataikuza, atamletea mwenyewe.

"Hapana," mama alisema. "Picha zinatosha." Akamuaga kwa adabu, akashuka ngazi.

Aliporudi mtaani, ukuta juu ya cherehani ulikuwa mtupu, umebaki mraba usiopauka. Mkewe alimwekea chakula na kumuuliza kama mama amerudishiwa koti. Kidevu akamwambia yote, pamoja na lile la onyo lililobaki na lile la kuijua kazi yake. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia amefanya vizuri, wala Kidevu hakutegemea. Muuza magazeti, fundi viatu, na binti yake kwa simu, Kidevu aliwaambia mwenyewe. Binti akasema, "Nilizigawa nane, baba." Fundi viatu ndiye aliyemuudhi, kwa kumpiga begani na kusema, "Aah, picha tu hiyo, mbona unajitesa?"

Mhariri hakupiga tena. Pasipoti ikatoka ikakaa kwenye droo miaka miwili, kurasa zote nyeupe.

Baadaye kazi zilikuja, kidogo kidogo, kutoka kwa watu wengine: chama cha wafuga nyuki waliotaka kitabu cha wanachama wao, kampuni ndogo ya utalii iliyotaka kalenda. Alisafiri mara mbili au tatu kwa mwaka, akavuka mipaka, akalipwa kutembea. Picha zake zilikuwa nzuri, si za kustaajabisha. Watu kwenye picha hizo walivaa walichotaka, na mara nyingi walisimama wima mno. Waliompa kazi walilalamika kidogo, naye akawaacha walalamike. Alikuwa ameipata ndoto yake, au sehemu yake ya kumtosha. Ila mtu akimuuliza ilianzaje, masikio yalimwaka moto, akageuza mazungumzo.

Mwaka wa tano, katika nchi jirani, alifikia kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni. Asubuhi aliingia chumba cha chakula, akaketi, akamimina chai. Alipoinua macho akamwona yule mama wa geti ukutani mbele yake, amekuzwa, ametiwa fremu ya mbao na kioo. Kiwiko, sweta, kokoto. Maandishi ya chini yalikuwa yamekatwa, na jina la mpiga picha pia.

Mhudumu, mtu mzima mchangamfu, aliona anavyoitazama. "Nzuri, sivyo? Kila mgeni anaisifia. Mimi huyu mama namwonea huruma sana. Najiuliza kama aliwahi kupata hata viatu."

"Alikuwa navyo," Kidevu alisema. "Vilikuwa ndani ya nyumba. Na koti, lenye vifungo vya shaba. Mpiga picha alimwambia avue."

"Nani kakwambia?"

"Mpiga picha ni mimi."

Mhudumu alimtazama, akamtazama yule mama ukutani, akamtazama tena. Kisha akachukua sahani ambayo Kidevu alikuwa hajaimaliza, akaondoka nayo bila kuuliza kama ataongeza chai.